Mwaka mmoja Bremen: jibu kwa binti wa Wete

SWALI: Assalaamu alaykum dada. Mimi ni binti wa miaka 23, wa Wete, nimesomea ualimu wa maandalizi. Nimechaguliwa kwenda Ujerumani mwaka mmoja kujitolea katika kituo cha watoto wadogo mjini Bremen, kupitia weltwärts, mpango wa Wajerumani wa vijana kujitolea. Safari ni Septemba, nimebakiwa na miezi saba. Naikhofia baridi, Kijerumani changu ni cha salamu tu, na mama usiku halali kwa mawazo. Nijitayarishe vipi, na siku za mwanzo zikoje?

JIBU: Waalaykum salaam mdogo wangu, na hongera. Mpango huo Wajerumani waliuanzisha 2008 kwa ajili ya vijana wao kuja kwetu, na mlango wa vijana wa kwetu kwenda kwao ukafunguliwa 2013. Mimi nilipita mlango huo mwaka uliofuata, nikafanya kazi mwaka mzima katika nyumba ya wazee karibu na Hamburg. Tangu niliporudi, kazi yangu ni kuwatayarisha vijana wa Unguja na Pemba wanaokwenda. Baridi umeitaja mwanzo, mimi nitaiweka nyuma, kwa sababu baridi ina dawa yake nayo ni koti.

Niliowaona wakirudi kabla ya mwaka kwisha hawakurudishwa na theluji. Walinyamaza. Sisi tumelelewa kustahi: mkubwa akisema unaitikia, usilolifahamu unasema "haya", halafu unakwenda kumuuliza mwenzio pembeni. Nyumbani hiyo ni adabu na mambo yanakwenda. Kule ukimwambia mtu "ndiyo" anaamini umefahamu, anageuka anaondoka, na huyo mwenzio wa pembeni hayupo.

Ilikuwa wiki yangu ya tatu. Kulikuwa na bibi mmoja amepita miaka 90, mpole, akipenda kunishika mkono. Asubuhi muuguzi alinieleza jambo refu, kwa haraka, huku akinionesha kopo la unga mweupe. Sikushika hata neno moja. Nikasema "ja, ja" na nikatabasamu. Baada ya chakula cha mchana yule bibi akaomba maji, nikammiminia bilauri nikampa. Ameshaishika kwa mikono miwili, imefika mdomoni, muuguzi akavuka chumba kwa hatua tatu akaikamata. Bibi alikuwa amepata kiharusi na hawezi kumeza maji matupu, yanampotea yanaingia kwenye mapafu. Ule unga ulikuwa wa kuyafanya maji yawe mazito kama uji mwepesi. Muuguzi hakunigombeza. Aliniuliza tu: kwa nini ulisema ndiyo? Sikuwa na la kumjibu. Usiku ule nikajifunza sentensi moja, Das habe ich nicht verstanden, hilo sijalifahamu, na tangu kesho yake nikawa naisema mara kumi kwa siku. Hakuna aliyenichoka. Waliponiona nauliza ndipo walipoanza kuniachia kazi za maana.

Sasa basi, kila nitakalokwambia hapa chini lina kusema ndani yake: kusema na waliokuchagua, kusema na jamaa, kusema na mama.

Lugha anza leo hii. Miezi saba ukiitia saa moja kila siku unaimaliza A1, ngazi ya kwanza ya lugha, na kuigusa ya pili, A2, na hapo tayari unaweza kuuliza. Goethe-Institut, taasisi ya Wajerumani inayofundisha lugha yao, iko Dar es Salaam, mbali na Wete, lakini DW, ileile idhaa tunayoisikiliza kwa Kiswahili, ina masomo ya Kijerumani ya bure kwenye intaneti. Soma kwa sauti, mdomo uzoee. Na usianze na maneno ya utalii. Wewe unakwenda kwa watoto, basi tafuta kwanza maneno ya kazi yako: kiatu, soksi, pua, choo, nepi, anakojoa, amenipiga, inauma, nipe mkono, tusubiri. Habari njema ni kwamba mtoto wa miaka minne ni mwalimu asiyechoka. Atakusahihisha neno moja mara ishirini na hataona kuwa umekosa kitu.

Katika lugha kuna mtego mmoja ambao huwategea Waswahili peke yao, nao ni saa. Saa zao zinahesabiwa tangu usiku wa manane, hilo unalijua. Lakini wakikwambia uje halb neun, masikio yako yatasikia "nusu" na "tisa", na utahesabu 9:30. Sivyo. Maana yake nusu ya kuiendea tisa, yaani 8:30, kwetu saa mbili u nusu asubuhi. Kijana mmoja niliyemtayarisha alifika kazini siku ya kwanza amechelewa saa nzima, huku roho yake imetulia akidhani amewahi. Kila ukipewa saa, iandike kwa tarakimu mbele ya huyo aliyekupa, umuoneshe, akubali. Na kuwahi kwao ni kufika dakika tano kabla.

Makaratasi nayo yana mambo. Toa cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Mzanzibari, cha NIDA na vyeti vya skuli, uviweke mezani pamoja, usome jina lako herufi kwa herufi. Kwetu mtu mmoja anaweza kuwa Khadija kwenye cheti na Hadija kwenye kitambulisho, Khamis hapa na Hamisi pale, na hakuna anayejali. Kwenye maombi ya viza hiyo "K" moja inaweza kukuchelewesha wiki nzima ya kupanda na kushuka ofisini. Rekebisha sasa, kabla hujaomba pasipoti, kwa sababu pasipoti itanakili kosa lilivyo. Zoea pia jambo moja dogo: Wajerumani wanachukua jina la mwisho kuwa la ukoo, na kwako wewe hilo ni jina la babu. Utaitwa Bibi Khamis, Bibi Juma, mwaka mzima, kwenye barua na kwa daktari. Wa kwetu mmoja aliitwa hivyo hospitali mara tatu, akabaki amekaa, hakujua kuwa anaitwa yeye.

Viza ya mwaka inaombwa Ubalozi wa Ujerumani, Dar es Salaam, katika jengo la Umoja House, na lazima uende mwenyewe kwa sababu ya alama za vidole. Kwa mtu wa Pemba hiyo ni boti mbili kwenda na mbili kurudi, na kulala. Usipange kurudi siku hiyohiyo, bahari ya Mkoani unaijua zaidi yangu. Picha ziwe za 35 kwa 45 milimita, uso wote uonekane. Mtandio wa dini unaruhusiwa ili mradi usifunike uso. Omba miadi mara tu mkataba ukifika mkononi, kwa sababu majibu huchukua wiki nyingi.

Kuhusu pesa nasema kwa nguvu: katika mpango huu volontia halipii nafasi yake. Tiketi, viza, bima, malazi na chakula vina mwenyewe, na juu yake unapewa pesa za mfukoni kila mwezi. Mtu akikupigia simu kukwambia umpelekee laki tatu "za kusukuma viza", huyo ni mwizi, hata awe anakujua jina na mtaa. Usimtumie kitu, uwajulishe waliokuchagua siku hiyohiyo.

Mkataba wenyewe usome wote. Ukiwa umeandikwa kwa Kijerumani, omba maelezo yake kwa lugha unayoifahamu, ni haki yako. Utakuwa chini ya sheria yao ya kujitolea iliyoanza 2011, mwaka walipositisha jeshi la lazima. Vijana waliokataa bunduki walikuwa wakitumikia katika nyumba za wazee na hospitali badala ya jeshi, na ilipoondoka amri hiyo sehemu hizo zilibaki na pengo. Nakueleza haya ili ufahamu kuwa hawakukuita kutalii. Ni kazi ya wiki nzima, kwa kawaida saa 39 au 40, yenye likizo, na siku 25 za semina katika mwaka ambazo zinahesabiwa kuwa kazi. Angalia pia jina la mlezi wako, mtu wa nje ya kituo ambaye utamkimbilia ukiwa na shida. Kama halimo, uliza ni nani kabla hujatia saini.

Katika barua hiyohiyo ya kuuliza, weka mambo matatu ambayo vijana wetu wanaona haya kuyataja: mtandio, sala na nyama. Vituo vingi vya watoto Ujerumani vinaendeshwa na makanisa. Hilo lisikutishe, nimepeleka mabinti wenye mitandio wakapokewa vizuri, lakini wote waliulizia kabla, wakajibiwa kwa maandishi. Usiingoje siku ya kwanza uone itakuwaje. Andika kwa adabu na bila kuzunguka: navaa mtandio wakati wote, nahitaji dakika kumi za sala mchana, sili nguruwe. Katika hilo la nguruwe, jua kuwa peremende laini za watoto mara nyingi zina jelatini yake, na kila mtoto mwenye siku ya kuzaliwa atakuletea moja kwa mkono wake. Kataa kwa kucheka, na walimu wawe wanajua sababu.

Sala yenyewe itakushangaza. Kwetu Pemba kibla ni kaskazini, kule utaelekea kusini-mashariki. Kwetu nyakati hazitikisiki mwaka mzima. Bremen mwezi wa Disemba jua linachomoza saa mbili u nusu asubuhi na kuzama muda mfupi baada ya saa kumi, yaani wakati ambao hapa watu ndiyo kwanza wanatoka msikitini kwa Alasiri, kule Magharibi imeshaingia. Adhuhuri na Alasiri zote zitakukuta kazini. Ikija Juni mambo yanageuka, Isha inakaribia usiku wa manane. Ramadhani ya miaka hii inaangukia wakati wa baridi, kwa hiyo funga ni fupi kuliko ya hapa. Njaa si kitu. Kinachouma ni kufuturu peke yako, hakuna chano kinachopita ukuta kwa jirani. Bremen ina misikiti mingi, ya Waturuki khasa. Uujue mmoja mapema, Oktoba, usingoje mwezi uandame.

Mzigo nauzungumza kwa ufupi. Kilo 23 zinatosha. Septemba haina theluji, kuna upepo na mvua. Safiri na sweta moja zito, viatu vya kufunika na soksi, na koti kubwa ukalinunue kule ukiwa na mtu anayejua, kwenye maduka ya vitu vilivyotumika. Wengi wanamaliza pesa kununua makoti mjini Unguja ambayo hayazuii upepo wa kule hata kidogo. Viungo chukua, iliki na mdalasini vitakufaa zaidi kuliko unavyodhani, lakini nyama na vitu vya maziwa haviruhusiwi kuingia Ulaya kutoka nje. Kanga chukua mbili. Moja ya kuvaa ndani, nyingine ya kujifunika ukilia.

Sasa siku za mwanzo. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kule jembe unapewa siku ya kwanza, na hapo ndipo wengi wanapovunjika moyo, wakidhani hawakupendwa. Hakuna kuandaliwa wali wa nazi na kuzungushwa kwa jamaa. Utaoneshwa ndoano ya kutundika koti lako, utaambiwa jina lako la kwanza linatosha, utapewa mtoto wa kumvisha viatu. Kwao kukupa kazi ni kukukaribisha. Watoto wanatolewa nje kila siku, mvua na jua, kwa suruali za mpira, wanacheza topeni, na wewe unatoka nao. Usimkataze mtoto tope kwa kuwa kwetu angekatazwa. Uliza kwanza kwa nini wanamwachia. Umesomea ualimu wa maandalizi, na hapa kuna la kujifunza na la kufundisha. Michezo yetu ya kuimba kwa duara na kupiga makofi huwaingia watoto wa kule upesi mno, na siku utakayoicheza nao ndiyo siku utakayoacha kuwa mgeni.

Ndani ya wiki mbili za kupata makaazi lazima ukaandikishe anuani yako ofisi ya mji, ni sheria. Karatasi ya hapo ndiyo inayokufungulia akaunti ya benki, na akaunti ndiyo inayokuletea pesa za mfukoni. Na hapa kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia mimi: hakikisha jina lako limeandikwa kwenye kisanduku cha barua mlangoni. Sisi tumezoea S.L.P. ya ofisi au kupigiwa simu tukachukue. Kule mleta barua anasoma majina ya visanduku, na jina lisipokuwepo barua inarudi ilikotoka. Kadi ya benki inakuja kwa barua, namba ya siri inakuja kwa barua nyingine. Zangu zilirudi zote mbili. Wiki tano nilikuwa nakula kwa pesa ya kukopeshwa na mfanyakazi mwenzangu, kumbe dawa ilikuwa kipande cha karatasi na gundi. Ndiyo maana nakwambia uende na yuro za kukutosha mwezi mmoja hata kama umeahidiwa kila kitu.

Kisha utafika Novemba. Shauku imekwisha, giza linaingia mapema, lugha imekwama palepale, na umechoka kuwa mtu mzima anayezungumza kama mtoto. Usiku utahesabu miezi iliyobaki. Nimeuona mwezi huo kwa kila niliyempeleka, na kwangu mwenyewe. Haumaanishi kuwa umekosea kwenda. Hapo ndipo umpigie mlezi wako umwambie wazi kuwa hali yako si nzuri, usijifungie chumbani na simu ukitazama harusi za Wete. Na kama kuna jambo baya zaidi ya upweke, mtu amekutukana kwa rangi yako au mtandio wako, au amekugusa usivyotaka, liseme siku hiyohiyo, kwa jina na kwa saa. Kituo cha kazi kinaweza kubadilishwa. Nimeshuhudia kikibadilishwa mara mbili, na mabinti wote wawili wakamaliza mwaka wao.

Kuna mzigo mwingine unaokuja kwa simu kutoka hapa. Jamaa wanajua uko Ulaya, hawajui kuwa pesa za mfukoni ni za kula, nauli na sabuni. Mchango wa harusi, bati za nyumba, ada ya mtoto wa shangazi. Binti mmoja alikuwa hali mchana ili atume. Kaa na wakubwa wa familia kabla ya safari, baba au mjomba akiwepo, uwaeleze kwa sauti kuwa hukwenda kuajiriwa, umekwenda kujifunza kwa mwaka mmoja, viza ina mwisho na utarudi. Likisemwa na mkubwa mbele ya watu, hutalazimika kulirudia kwenye simu kila wiki ukaonekana bakhili.

Na mama. Mama hakhofii Ujerumani, anakhofia asichokiona. Basi mwoneshe. Omba wenyeji wako wampigie simu ya video, azione nyuso, akione chumba na kitanda utakacholalia. Mwambie nchi hiyo si ngeni kwetu kama anavyodhani: majumba ya Kikwajuni na Kilimani yalijengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi, Mji wa Zanzibar una udugu na Potsdam tangu 2017, na Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, kaburi lake liko Hamburg, mwendo wa saa moja hivi kwa treni kutoka Bremen. Mkubaliane siku na saa ya kupigiana. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa joto, mwandikie ukutani asikae macho bure.

Tena kuna kitu anacho yeye na unakihitaji. Tangu Machi 2020 sheria ya Ujerumani inamtaka kila anayefanya kazi na watoto vituoni, aliyezaliwa baada ya 1970, aoneshe kuwa amechanjwa surua mara mbili. Bila uthibitisho huo hutaruhusiwa kuingia kituoni. Kadi yako ya kliniki ya uchanga, kama ipo, iko kwa mama, kwenye sanduku, chini ya kanga zake. Ikiwa imepotea au ina chanjo moja tu, miezi saba inakutosha kuchanjwa tena na kupata karatasi mpya. Mwombe akutafutie leo jioni, mfungue sanduku pamoja, na wakati anapekua mwambie yote uliyoniandikia mimi.